Chumba Kimoja Chenye Moto

Cikuru amenipa ruhusa niandike habari zake, ila alitaka niseme kwanza kwamba yeye si mtu mbaya, na mama mkwe wake si mwanamke asiye na adabu. Nimesema. Sasa naendelea.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Binti yangu Patricia anakaa Louisville, mtaa wa Highview. Mwanangu Elisée yuko Columbus. Nikikaa kwa mmoja mpaka nianze kujua siku anayotoa takataka zake, najua nimekaa mno, nafunga begi. Cikuru si mtoto wangu wa kuzaa. Baba yake tulichunga naye ng'ombe kwenye milima iliyo juu ya ziwa Kivu, na alipokufa mimi ndiye niliyebaki wa kuitwa baba. Kwa hiyo njia yangu ina kituo cha tatu, kule juu kabisa. Unafika Buffalo, unadhani umefika mwisho wa baridi, kumbe kuna barabara inayoendelea.

Cikuru alizaliwa katikati ya ng'ombe. Alijua kukamua kabla ya kujua kuhesabu. Kisha ng'ombe wale walichukuliwa asubuhi moja na watu wenye bunduki, na jioni yake ukoo wote ulikuwa njiani. Akakulia kambini Uganda. Huko akamwoa Gracieuse, binti wa mama mmoja tunayemwita M'Nshombo, yaani binti wa Nshombo, kama wanawake wa kwetu wanavyoitwa kwa jina la baba. Karatasi za Cikuru na mkewe zikakubaliwa, za mama zikabaki. Wakaletwa Louisville wao wawili.

Kazi ya kwanza ilikuwa Jeffersontown, kwenye ghala lisilo na dirisha, kufunga maboksi. Siku moja aliniambia, "Baba, kule ndani mtu hajui hata kama mvua inanyesha. Mi sijawahi kukaa siku nzima bila kujua mvua." Mimi na Patricia tulicheka. Yeye hakucheka. Akahamia Columbus kwa Elisée, akapata ghala lingine, kubwa kuliko lile. Ndipo muumini mmoja wa Buffalo alipomwambia kwamba kuna mzee Mzungu kaskazini, upande wa ziwa, anatafuta mtu wa kukamua. Kesho yake Cikuru alipanda basi.

Kijiji chenyewe ni kanisa, nyumba ya zimamoto, duka moja la mkate na petroli, na makaburi. Nyumba zimeachana hata ukimwita jirani hasikii. Mzee wa shamba, Bwana Lyle, aliwapa nyumba ndogo ya mbao, ng'ombe wakiwa mbali kidogo, ng'ambo ya barabara. Gracieuse akapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee, mji wa jirani. Majira ya baridi ziwa huganda pembeni, na wanaume hutoboa shimo kwenye barafu, wanakaa juu ya ndoo wakivua samaki, kimya kama watu waliogombana na wake zao. Theluji huko haianguki kutoka juu. Inakuja kwa ubavu, na upepo, na mtu anaweza kupotea kati ya mlango wake na banda lake la kuni. Ndiyo maana kila mwaka kabla ya Krismasi Bwana Lyle hupita nyumba zake zote akifunga kamba kutoka mlangoni hadi bandani, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Cikuru alinionyesha ile kamba kwa fahari.

"Hapa, baba, mtu anaenda chukua kuni ameshika kamba kama kipofu."

"Na asiyeshika?"

"Wanamuona mwezi wa ine, theluji ikiyeyuka."

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Msimu ule wa mapukutiko, mwaka 2015, karatasi za M'Nshombo zilikubaliwa mwishowe. Gracieuse alikuwa amemlilia mama yake tangu siku waliyoachana kambini. Mama akafika, akiwa na kibegi na miguu iliyovimba kwa ndege. Hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha dunia nzima.

Na nyumba ina vyumba viwili vya kulala, jiko, na sebule.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mwanamume hali chakula mbele ya mkwe, wala mkwe mbele yake. Hamgusi. Neno likiwa la lazima linapita kwa mtu wa katikati. Akimwona njiani, anaingia majanini mpaka apite. Watu wengi wa kwetu wameacha mambo haya mjini, na wengine walioko Buffalo walimcheka Cikuru waziwazi. Lakini Cikuru alilelewa na bibi wa zamani, na M'Nshombo naye vilevile. Mimi nilimuuliza, "Mwanangu, mbona hulegezi kidogo?" Akanijibu huku anachomoa buti:

"Baba, si kwamba simpendi. Nina haya naye kwa sababu alinipa mtoto wake, na mimi nilipanda ndege nikamwacha kambini. Donc, nitamtazama na macho gani?"

Basi akawa anaingia kwa mlango wa nyuma. Anakula jikoni, amesimama, mama akiwa chumbani. Gracieuse ndiye aliyekuwa katikati. Alikuwa akicheka wakati mwingine, na wakati mwingine nilimwona anafuta machozi kwa kiwiko huku anaosha vyombo, kwa sababu alijua kwamba mambo kama haya yakishindikana, mmoja kati ya wale wawili ataondoka, na yeyote atakayeondoka ni wake.

Mimi nilifika siku chache kabla ya Krismasi. Kule wana desturi zao, nami nilizipenda. Jioni ya mkesha, gari la zimamoto linapita kijiji kizima likilia, taa zinazunguka, na juu yake amekaa mzee wa ndevu nyeupe na nguo nyekundu anarusha peremende kwenye theluji. M'Nshombo alitazama kwa dirisha, akaniuliza:

"Mzee Methodi, yule ni askofu?"

"Hapana, ni mzee wa zawadi."

"Na kwa nini wamemfunga kwenye gari ya moto? Amefanya nini?"

Baadaye watu wote wanakwenda chini ya kanisa, kwenye ukumbi, kila nyumba na chungu chake. Meza ni moja, ndefu, na kila familia ina mshumaa wake na kikaratasi chenye jina. Mahali petu palikuwa na viti vinne. Cikuru alikiona kiti chake kikiwa kimetazamana na cha mama mkwe. Akasimama kidogo pale, kofia mkononi, kisha akaenda jikoni akakunja mikono ya shati na kuanza kuosha masufuria ya watu.

Mama mmoja wa pale akamwuliza Gracieuse kitu. Gracieuse akajibu akitabasamu, kisha akanitafsiria kwa sauti ndogo, "Nimesema anapenda kuosha." Lakini watu wale si wajinga. Walimwona M'Nshombo amegeuza uso ukutani, anakula viazi kama mtu anayekula dawa. Walikiona kile kiti kitupu na mshumaa unaowaka mbele yake. Mzee mmoja akainuka, akampelekea Cikuru sahani jikoni, akampiga bega polepole, kama mtu anayempa pole mfiwa. Niliporudi naye kwenye gari Cikuru alisema, "Wanadhani tunamchukia mama. Kijiji kizima sasa kinajua Cikuru anamchukia mama wa mkewe."

Siku mbili kabla ya mwaka kwisha, dhoruba ikaja. Gracieuse alikuwa kazini. Akapiga simu kwamba barabara imefungwa, wafanyakazi wa kupokea zamu hawawezi kufika, amebaki na wazee wake na atalala hukohuko. Bwana Lyle naye akapiga: asivuke mtu barabara, yeye na vijana wake watakamua kwa jenereta. Halafu umeme ukakatika, na mashine ya kupasha nyumba joto ikanyamaza.

Kukabaki jiko la chuma la kuni, sebuleni. Chumba kimoja chenye moto, nasi tukiwa watatu: mimi, Cikuru na M'Nshombo. Mtu wa katikati hayupo.

Nikawa mimi.

M'Nshombo alikuwa amekaa karibu na moto, amejifunika kanga na blanketi. Cikuru alikuwa jikoni, mlango umefungwa, amevaa jaketi na glavu. Nilipoingia niliona pumzi yake.

"Bon, baba, mi niko bien," akasema, na meno yanagongana.

Nikarudi. Mama akasema kwa sauti ya kusikika kule jikoni, huku ananitazama mimi:

"Mzee Methodi, mwambie mume wa mtoto wangu kwamba mimi nimesikia joto sana, ninaenda lala chumbani."

"Mama, chumbani maji yameganda kwenye glasi."

"Mwambie."

Akainuka, akaenda. Cikuru akaja akakaa kwenye ncha ya kiti karibu na moto, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kuitwa na polisi. Baada ya kidogo tukaanza kusikia kikohozi chumbani. Kilikuwa kikohozi cha kambi, kile kinachoanzia tumboni. Cikuru alisikiliza mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akasimama.

"Baba, mwambie mama arudi kwenye moto. Mi ninaenda kaa kwenye gari. Gari iko na chauffage, inatoa joto, na nitachaji simu nimwite Gracieuse."

"Theluji hii?"

"Kuna kamba."

Gari lake huegeshwa kando ya banda la kuni, pale kamba inapoishia. Ilikuwa bado mchana, lakini mchana wa kijivu. Nilimwona kwa dirisha akienda ameshika kamba, kisha taa za gari zikawaka nyekundu, nikatulia. M'Nshombo akarudi akaketi. Hakuuliza amekwenda wapi. Alijua, na aliona haya ya kujua. Tukakaa hivyo, wazee wawili wenye moto mzuri, na mwenye nyumba nje. Naandika hivi na uso unaniwaka.

Mama alikuwa anasukasuka ncha za blanketi. Mara akaacha.

"Mzee Methodi. Ile gari inapumulia wapi?"

"Namna gani?"

"Moshi yake. Inatokea wapi?"

"Nyuma. Chini."

"Chini iko nini sasa?"

Nikatazama kwa dirisha. Taa nyekundu hazikuonekana tena. Palikuwa na kilima cheupe tu, umbo la mgongo wa ng'ombe aliyelala.

Yeye aliwajua watu waliokufa usingizini kambini, wamejifungia na mbabula, yaani jiko la makaa, kwa ajili ya baridi, na moshi wake ukawaua. Alikuwa ameosha miili yao, myekundu kama ya watu wenye afya. Hakunieleza hayo wakati ule, alinieleza baadaye. Wakati ule aliinuka tu. Aliingiza miguu kwenye buti za Cikuru zilizokuwa mlangoni, buti za kukamulia, akachukua beleshi, akatoka. Mwanamke ambaye tangu afike hakuwahi kuvuka kizingiti theluji ikiwa chini. Nilimfuata nikishika kamba, na mimi miguu yangu ni ya mzee, nikaanguka njiani. Nilipofika alikuwa amelitupa beleshi na anachimba kwa mikono upande wa mlango, kanga imechukuliwa na upepo, kichwa wazi.

Mlango ulifunguka kidogo, halafu sana. Cikuru alikuwa ameegemea usukani. Simu ilikuwa inazungumza peke yake sakafuni, sauti ya Gracieuse ikisema allô, allô.

M'Nshombo hakusimama kufikiri. Alipitisha mikono yake chini ya makwapa ya mkwe wake, kifua chake kwenye mgongo wake, akamvuta. Nikamshika miguu. Tukaanguka naye, tukamvuta tena, kamba ikituelekeza. Mlangoni alitapika, na hapo tukajua yu hai.

Mama akamlaza mbele ya jiko, akafungua dirisha moja ili hewa iingie. Soksi za Cikuru zilikuwa zimelowa na kukakamaa. Akazivua. Akaketi chini, akaiweka miguu yake mapajani mwake, akaanza kuisugua kwa viganja, kwa nguvu, kama anavyosuguliwa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Uso wake alikuwa ameugeuzia ukuta muda wote.

Cikuru akafumbua macho. Akatazama dari, akanitazama mimi. Kisha akatazama miguu yake ilipo.

Sijawahi kuona mtu akiona haya namna ile. Alijaribu kuivuta miguu, nguvu hana. Akachukua kofia yake sakafuni akajifunika uso nayo, na chini ya ile kofia nikasikia analia kama mvulana.

M'Nshombo, akiwa bado ametazama ukuta, akasema, "Mimi siko hapa. Anayekushika ni huyu mzee."

Hakuniambia "mwambie". Lakini wote watatu tulijifanya kwamba aliniambia mimi.

Asubuhi upepo ulitulia, Bwana Lyle akaja na trekta, nyuma yake watu wa zimamoto na mtungi wa hewa. Wakampima Cikuru, wakasema ana bahati. Kabla hawajaingia, M'Nshombo alinivuta pembeni.

"Mzee Methodi, utasema ni wewe."

"Mama, mimi nilianguka kwenye kamba."

"Sema ni wewe. Huyu kijana ataishi namna gani? Watu wa Buffalo watasikia kwamba mama mkwe alimvua soksi. Mtoto wangu atasikia. Nitaenda wapi mimi, nikimharibia mume?"

Nikasema ni mimi. Gracieuse aliporudi nikamwambia ni mimi. Akanikumbatia, akalilia shingoni kwangu, na juu ya bega lake nikamwona Cikuru ameinamisha kichwa na M'Nshombo anakoroga uji usiohitaji kukorogwa.

Siku ya mwaka mpya, ile tunayoiita bonana, kijiji kina desturi nyingine. Watu wa zimamoto wanapikia kila mtu chapati nene laini, zinamwagiwa maji matamu ya mti, na wote wanakula pamoja kwenye jengo lao, kati ya magari mekundu. Tulikwenda. Gracieuse alipanga viti kwa akili: mama mwisho huku, mumewe mwisho kule, mimi na yeye katikati. Tulipokuwa tumekula kidogo, Bwana Lyle akasimama, akagonga kikombe kwa kijiko. Gracieuse akanitafsiria sikioni. Anasema dhoruba ile ingeweza kuwaachia msiba. Anasema mgeni wao, mzee wa umri ule, alitoka nje katika theluji ile akamchimbua mwanawe kwa mikono. Anaomba nisimame.

Nikasimama. Wakapiga makofi. Watoto walipanda juu ya viti wanione. Mzee yule wa jikoni, aliyempelekea Cikuru sahani, alikuwa anapangusa macho. Mikono yangu nikaificha mfukoni, maana haikuwa na hata mchubuko, na upande wa pili wa meza M'Nshombo alikuwa ameficha ya kwake ndani ya kanga, yenye kucha zilizovunjika. Natamani ningeweza kusema nilifungua kinywa. Nilitabasamu kama mjinga.

Kiti kikakwaruza sakafu. Cikuru alikuwa amesimama.

Kiingereza chake ni cha ng'ombe na cha dukani. Alitafuta maneno, hakuyapata, akasema kwa Kiswahili, na Gracieuse akabaki ameshika uma hewani.

"Si huyu baba. Baba alinishika miguu tu. Aliyenitoa ni mama yangu yule." Akamwonyesha kwa mkono mzima, si kwa kidole. "Alinibeba. Alinivua soksi. Mi nilimkimbia kwa heshima, donc nilitaka kufa na heshima yangu, na yeye akaacha ya kwake kwenye theluji. Gracieuse, waambie."

Gracieuse alimtazama mumewe, akamtazama mama yake. Kisha akawaambia, sauti inakatika.

Wale watu wakapiga makofi tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, kwa furaha yote. Kwao ilikuwa habari njema tu. Hawakujua wanatazama nini. M'Nshombo alijifunika kanga kichwa kizima. Cikuru alisimama ametazama chapati yake, masikio yamewaka, jasho linamtoka katika baridi ile, na hakuketi mpaka makofi yalipokwisha. Mimi niliketi mapema. Hakuna aliyeona.

Kwenye gari, tulipofika kwenye kona ya makaburi, mama akasema:

"Mzee Methodi, mwambie dereva apunguze mwendo."

Gari likapunguza mwendo kabla sijafungua mdomo.

Nilidhani mama atafunga kibegi chake. Nilikuwa nimekwisha kufikiri jinsi ya kumpeleka Columbus kwa Elisée, na nani atampokea. Tulipofika, yeye kweli aliingia chumbani, na tukasikia kibegi kinafunguliwa. Gracieuse akakaa chini jikoni akafunika uso. Lakini mama alitoka ameshika kitenge kimoja, kile kipya cha manjano alichokuja nacho kwa ajili ya sikukuu, akamwekea mwanawe mapajani, akarudi zake.

Cikuru akaelewa kabla yetu. Akaleta nyundo na misumari. Akakipigilia kile kitenge darini toka ukutani, katikati ya sebule, jiko la chuma likiwa pale kitambaa kinapoishia, ili joto lipite pande zote mbili na macho yasipite. Akajaribu kukaa upande wake. Mama akaja akakaa upande wa pili. Tukaona kivuli chake, na kivuli chake hakikohoi.

Tulikitazama kitambaa kile, mimi na Gracieuse. Kilikuwa ndani ya kibegi siku zote, hatua chache kutoka kwenye moto. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

"Mzee Methodi," sauti ikatoka upande wa pili, "mwambie soksi zake zimekauka."

Nikafungua kinywa.

"Asante, mama," Cikuru akasema, akiwa ametazama sakafu.